Mechi ya Ngao ije Gombani kwa zamu

Mheshimiwa Mhariri,

Assalaam aleikum. Mie ni msomaji wenu wa siku nyingi wa huku Wete, naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme la mpira, kwa sababu kila msimu ukikaribia kufunguliwa maneno yanakuwa mengi maskani lakini hayafiki kwa wenye kupanga, yanaishia hapo hapo kwenye kahawa.

Ninachotaka ni kimoja tu. Ile mechi ya Ngao ya kufungulia msimu, bingwa wa Ligi Kuu ya Zanzibar na bingwa wa Kombe la FA, iandikwe kwenye kanuni kwamba mwaka huu ikipigwa uwanja wa Amaan, Unguja, basi mwakani inapigwa uwanja wa Gombani, huku Pemba, mwaka wa pili yake inarudi Unguja halafu inakuja tena Pemba, iwe zamu isiyokuwa na mjadala, na mwaka ikiwa Gombani pesa ya mlangoni ibaki Pemba ifanye kazi ambayo watu wataiona kwa macho yao. Basi. Sidai cheo kwenye shirikisho la mpira, sidai timu ya Pemba ibebwe, wala sisemi Unguja wanyimwe, nadai zamu iliyoandikwa.

Nasema iandikwe kwa sababu kitu cha huruma kina tabu yake. Mwaka huu yupo kiongozi mwenye roho nzuri anakuletea mechi, mwakani akija mwengine unarudi kwenye kuomba, unapeleka ujumbe, unapeleka barua, unaambiwa subirini bajeti. Kanuni ikisema Gombani ni Gombani, timu inajua mapema, wa boti anajua mapema, na mama anaekaanga bajia nje ya uwanja anajua mapema anunue unga wa dengu kiasi gani.

Wapo vijana wananambia kaka we hiyo mechi yenyewe unaihangaikia ya nini, haina pointi, makocha wanapumzisha watu, ni bonanza tu la kuvalia jezi mpya. Sikubaliani nao hata kidogo na nitasema kwa nini, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapoidharau na mwisho inapangwa kiholela, siku yoyote saa yoyote, jukwaa liko nusu.

Chimbuko lake ni Uingereza, mwaka 1908, Manchester United waliokuwa mabingwa wa Football League wakakutana na Queens Park Rangers mabingwa wa Southern League pale Stamford Bridge, mwezi wa Aprili wakatoka 1-1, wakarudiana Agosti United wakapiga 4-0. Tokea siku ile ilikuwa mechi ya kuchangia watu wenye shida, ndio ikaitwa Charity Shield mpaka mwaka 2002 ilipobadilishwa jina ikawa Community Shield. Na sio jina tu la kupambia, pesa ya viingilio na vitabu vya mechi inagawiwa, klabu 124 zilizocheza Kombe la FA kuanzia raundi ya kwanza zinapata fungu lao wakalipeleke kwenye misaada wanayoichagua wenyewe, na nyengine inakwenda kwenye taasisi za misaada zinazofanya kazi na chama chao cha mpira. Kwa hiyo klabu ndogo ya mji mdogo ambayo haitoiona Ngao maisha yake yote, nayo inaguswa na mechi hiyo. Hilo ndilo linalonivutia mie kuliko kikombe chenyewe.

Na hata hao Waingereza, mechi yao ina nyumba yake Wembley tokea 1974 lakini nyumba ikiwa na shughuli wanahama bila ya kelele. Walipokuwa wanaujenga upya uwanja wakaipeleka Cardiff kuanzia 2001 mpaka 2006, na Cardiff iko Wales sio Uingereza hasa. Mwaka 2012 wakacheza Villa Park, mwaka 2022 Wembley ilikuwa imeshikwa na fainali ya Euro ya wanawake wakaenda Leicester, Liverpool wakawafunga Manchester City 3-1 na mpira ukawa mpira, hakuna aliesema Ngao imepungua uzito.

Tuje nyumbani. Bara wenyewe na ukubwa wa nchi ile wameshajua kuizungusha. Mwaka 2018 Simba na Mtibwa Sugar walicheza Ngao ya Jamii Mwanza, CCM Kirumba. Mwaka 2020 Simba na Namungo wakaenda Arusha, Sheikh Amri Abeid. Mwaka 2023 wakaibadilisha ikawa timu nne wakaipeleka Tanga, Mkwakwani, na fainali ile nadhani hakuna mpenda mpira aliyeisahau, Simba na Yanga sare ya bila kufungana zikaja penalti na kipa kijana Ally Salim akapangua tatu. Halafu 2024, na hapa naomba wasomaji wanisikilize vizuri, nusu fainali ya Azam na Coastal Union ilipigwa wapi? Ilipigwa New Amaan, hapa hapa Zanzibar, Azam wakashinda 5-2. Yaani watu wa bara wamepanda boti wakavuka bahari kuja kucheza Ngao yao kisiwani kwetu. Sasa sie wenyewe kwa wenyewe kutoka bandari ya Malindi kwenda Mkoani ndio iwe safari ya kutisha?

Na hiyo ya Azam na Coastal ni moja tu. Toka Amaan ifunguliwe upya Disemba 2023 kwa ile mechi ya Zanzibar Heroes, timu yetu ya taifa, na Kilimanjaro Stars ya bara, Unguja wameshiba mpira, mashaallah, na naifurahia wallahi kwa sababu uwanja ule ni wetu sote. Fainali ya Kombe la Shirikisho la CRDB 2024 Yanga na Azam ilikuwa pale ikaamuliwa kwa penalti, na ya 2025 pia ilikuwa pale, Yanga wakawafunga Singida Black Stars 2-0. Fainali ya pili ya Kombe la Shirikisho Afrika Mei 2025 Simba na RS Berkane ya Morocco, pale. CHAN ya Agosti 2025, ile ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, kundi la Senegal, Congo, Sudan na Nigeria karibu lote likachezwa pale, mtu wa Kikwajuni anatoka kwake na kanzu yake baada ya swala anaenda kwa miguu kuiangalia Sudan ikimpiga Nigeria 4-0. Mtu wa Micheweni huku Pemba mechi zote hizo kaziona kwenye kioo, na umeme ukikatika kazisikia kwa redio ya simu.

Sasa mtu asije akaniambia Pemba hakuna watu wa mpira. Januari 2025 Kombe la Mapinduzi lilipoletwa Gombani kwa timu za taifa, Kilimanjaro Stars, Kenya, Burkina Faso na Heroes wetu, mie nilikuwepo siku ya fainali. Gari za abiria za njia ya 606 kutoka Wete zilijaa toka adhuhuri, makonda walikuwa hawaiti abiria tena, abiria ndio waliokuwa wakiwaita makonda. Wengine waliteremka mbali wakamalizia kwa miguu kwa sababu njia ilikuwa haipitiki. Ndani pale nilikaa na mzee mmoja wa Ziwani, kofia yake ya viua, bakora kaiweka katikati ya miguu, kila mpira ukienda upande wa Burkina Faso anainuka nusu anakaa, anainuka nusu anakaa, hakai sawa sawa na hasimami sawa sawa, na Heroes walipomaliza 2-1 alinikamata mkono huu wa kulia akawa anausukasuka tu bila ya kusema neno. Wanawake walikuwepo wengi, watoto wa skuli, vijana wa Konde, wa Kengeja, wa Mtambile. Watu wa namna hiyo hukai ukawaletea mechi kubwa siku Unguja kukiwa hakuna nafasi tu.

Nikirudi kwenye hoja ya bonanza. Mechi ya kufungua msimu ndiyo mechi ambayo mchezaji mpya anazaliwa mbele ya macho ya watu. Fiston Mayele alikuja Yanga mwaka 2021, watu hawamjui vizuri, mechi ya Ngao dhidi ya Simba akafunga goli la pekee, kuanzia siku ile nchi nzima ikamjua, mwaka uliofuata Ngao tena Simba wametangulia akafunga mawili ikawa 2-1. Nani atasema mechi zile zilikuwa za kirafiki? Waulizeni Simba. Na Ngao ya 2025 Pacome Zouzoua wa Yanga goli moja kwa Simba lilitosha watu wakalala na furaha, au na huzuni, inategemea uko maskani gani.

Kwetu sie hilo lina maana zaidi kwa sababu vijana wetu wana dirisha dogo la kuonekana. Feisal Salum kapita JKU kabla ya kwenda bara. Ibrahim Bacca katoka KMKM akaenda Yanga na leo ni beki wa kutajwa. Wamepita kwenye ligi hii hii watu wanayoisema haina kitu. Sasa mtoto wa Pemba mwenye miaka kumi na mbili anaecheza juvenile, daraja la watoto, kwenye kiwanja cha mchanga, anamuona wapi bingwa wa Zanzibar akicheza mechi ya kikombe, siku ya shughuli, watu wamejaa na jezi mpya na gwaride? Kwenye ligi atawaona, timu zinakuja, lakini mechi ya ligi ya saa kumi ya siku ya kazi haina hali hiyo, kila mtu anajua. Kikombe kikiinuliwa mbele ya mtoto kinamkaa.

Haya, sasa hoja za upande wa pili, maana nimezisikia na zina watu wake.

Ya kwanza na ndio kubwa, gharama. Wanasema mara nyingi bingwa wa ligi na bingwa wa kombe wote ni wa Unguja, KMKM, JKU, Mlandege, KVZ, Zimamoto na wengineo, sasa timu mbili za Unguja kuzipakia kuzileta Pemba kucheza wenyewe kwa wenyewe ni kutia pesa baharini. Naielewa. Lakini hebu tuulizane kwa uadilifu, timu za Pemba zilizopo Ligi Kuu zinavuka mara ngapi kwa msimu? Zinavuka na zinavuka tena, vijana wanapanda meli usiku, wengine wanatapika njia nzima, asubuhi wanateremka Malindi macho mekundu, jioni wanacheza, na hela hizo wanachanga watu wa mtaani, mwenye duka katoa, mwenye shamba la karafuu katoa, kiongozi kauza hichi na kile. Hakuna aliewahi kuandika barua gazetini kusema hizo ni pesa za baharini. Basi mabingwa wavuke safari moja, mara moja kila miaka miwili, tena kwa mechi moja! Na Jamhuri ya Wete imeshawahi kuwa bingwa wa Zanzibar, tusije tukajisahaulisha kwamba kikombe hiki kilishawahi kulala huku.

Wakongwe wanaikumbuka ile miaka ligi ilipokuwa ya kanda mbili, kanda ya Unguja na kanda ya Pemba, halafu ndio inachezwa Nane Bora kutafuta bingwa. Ilikuwa na kasoro zake, mechi nyengine zilikuwa dhaifu, lakini ilikuwa kila mwaka lazima mtu wa Pemba aone timu za juu za Unguja zikija kutafuta ubingwa. Ilipoondoka sawa, ligi moja ni bora na mie naiunga mkono, ila pale palibaki pengo na hii mechi ya Ngao ndiyo inayoweza kuliziba bila ya kuvuruga ratiba ya mtu.

Ya pili, bahari. Ni kweli kusi likivuma hiyo safari sio ya mchezo, Juni, Julai, hata Agosti mawimbi yanapanda na mtu asiyezoea anaona mwisho wake umefika. Lakini tukiipanga mechi wakati kusi linalegea, kabla ya mvua za vuli, bahari inatulia na boti inakata kama kwenye bwawa. Na timu yenye uwezo ipo ndege pia, nusu saa tu umeshatua Chake, uwanja hauko mbali.

Na hapo hapo naunganisha na jambo ambalo watu wa kupanga ratiba wakikaa mjini hawalifikirii, karafuu. Karafuu zikianza kuiva huku maisha yanabadilika, asubuhi watu wote mashambani, zikirudi wanachambua, jua likitoka zinaanikwa, majamvi yamejaa mpaka kando ya barabara. Mtu akipanga mechi ya saa nane mchana siku ya kazi katika kipindi hicho halafu akaona viti vitupu asiseme Wapemba hawataki mpira. Lakini ukiiweka Ijumaa au Jumapili baada ya alasiri, karafuu zimeshaokotwa kwenye jamvi na mtu ana pesa yake mfukoni maana kashauza, utaona. Pesa ya karafuu ndiyo inayooa, ndiyo inayoezeka nyumba, na ndiyo itakayonunua tiketi. Hakuna kipindi chengine cha mwaka Pemba ina pesa mkononi kama hicho, kwa hiyo anaesema mapato yatakuwa madogo aiangalie kalenda kwanza.

Ya tatu wanasema runinga, kwamba matangazo ya laivu ni rahisi Amaan. Januari 2025 mechi zimeonekana kutoka Gombani nchi nzima na nje ya nchi, sasa hilo naona limeshajijibu.

Kuna suala la bingwa mmoja kubeba vyote viwili, ligi na kombe. Hapa kanuni iseme mapema nani anaingia. Wengi duniani wanamuingiza mshindi wa pili wa ligi, bara 2022 Yanga alibeba vyote akacheza na Simba. Mie naona huyo ni sawa, kamaliza ligi nzima wa pili anastahili. Wengine wanapendekeza tuige ya timu nne, nusu fainali moja Amaan moja Gombani halafu fainali. Kwa kweli sijaipenda, timu zetu hazina pesa ya mechi mbili ndani ya siku tatu na bahari katikati, na mechi moja ina utamu wake, dakika tisini, sare penalti, kikombe kinaondoka. Tubaki na moja.

Ila jamani tusije tukafika kwa wenzetu wanaoiuza. Italia mechi yao kama hii, Super Cup, inachezwa Saudia, Wahispania nao hivyo hivyo, Wafaransa 2013 walicheza ya kwao Libreville, Gabon. Wana sababu zao, pesa ni nyingi. Lakini mtu wa Naples au wa Bilbao timu yake ikicheza mechi ya kikombe anatakiwa apande ndege kwenda Riyadh au Jeddah, na mwenye kipato kidogo ndio basi. Kwetu ikitokea siku mfadhili akasema nawapeni pesa lakini mechi iwe mahala pangu, naomba wakatae. Mechi hii ni ya visiwa viwili.

Sasa hii ya pesa ya mlangoni, Mhariri naomba isikatwe hata kama barua imekuwa ndefu.

Mechi ikiitwa ya jamii basi jamii ione. Napendekeza hivi, mapato ya mechi ya Gombani yatangazwe pale pale uwanjani kwenye kipaza sauti kabla ya penalti au kabla ya kukabidhi ngao, watu wangapi wamelipa, shilingi ngapi zimepatikana, gharama za uwanja na waamuzi na usafiri kiasi gani, iliyobaki kiasi gani. Pasiwe na la kesho wala la tutawajulisha. Gazeti lenu lichape hesabu hiyo hiyo siku ya pili. Halafu iliyobaki igawiwe sehemu mbili, moja iende kwenye timu za watoto, juvenile na junior za wilaya zote nne za Pemba, iwe mipira na viatu na nyavu za goli, sio pesa mkononi, kwa sababu pesa mkononi zina njia zake za kuyeyuka. Nimeshawaona watoto wa skuli moja ya huku wakicheza fainali yao kwa mpira uliotoka pamba, kipande cha ngozi kinaning'inia, ukiupiga hujui utakwenda wapi, na goli hazina nyavu kwa hiyo kila goli ni ugomvi, limeingia halikuingia, refa mwenyewe ni mwalimu wao na kila mtu kamkasirikia. Mipira kumi kwa kila wilaya peke yake ingebadilisha mambo makubwa kwa watoto wale.

Sehemu ya pili iende hospitali, kila mara ikija Gombani hospitali moja, ianze ya Abdalla Mzee Mkoani, ifuate ya Wete, ya Chake Chake, ya Micheweni. Mashuka, vyandarua, viti vya kusukumia wagonjwa, vitu ambavyo mtu akienda kumtazama mgonjwa wake anaviona na anasema hivi vimetoka kwenye mechi ile niliyolipa tiketi. Manahodha wa timu zote mbili wavipeleke wenyewe asubuhi yake kabla ya kurudi Unguja. Mchezaji wa KMKM akiingia wodini akampa mkono mgonjwa wa Mkoani, timu ile itakuwa imepata washabiki ambao hakuna tangazo la biashara lingewaleta.

Tiketi nazo ziuzwe mapema. Nilishawahi kwenda uwanja mmoja na wanangu tukakuta dirisha moja la tiketi, foleni imezunguka ukuta, mechi imeanza sie tuko nje tunasikia kelele tu za waliomo ndani, na mwanangu wa mwisho analia anataka kubebwa aone. Tukaingia kipindi cha pili kwa bei ile ile. Kwa nini tiketi zisiuzwe Konde, Wete, Mkoani na Kengeja siku tano kabla, hata madukani hata kwa simu? Na watoto walio na sare ya skuli waingie bure na wawekewe jukwaa lao na walimu wao, na wanawake nao wawekewe sehemu yao nzuri yenye kivuli maana wengi wanataka kuja na watoto wadogo lakini wanachelea msukumano wa mlangoni.

Gari pia. Mechi ikimalizika magharibi imeshaingia na gari za Wete na Konde zishapungua, mtu anabaki Chake anahangaika. Wakizungumza na wenye gari mapema zikabaki chache mpaka saa mbili za usiku, watu wa kaskazini hawataondoka dakika ya sabini kukimbilia gari kama wanavyofanya siku zote. Timu ikifunga goli la ushindi dakika ya themanini na tano nusu ya watu wa Wete wako stendi!

Nawaomba viongozi wa klabu zinazotarajia kubeba ubingwa nao waseme neno, wasiwaachie shirikisho peke yao. Klabu ikisema hadharani sisi tukiwa mabingwa tuko tayari kucheza Gombani, kazi inakuwa nyepesi. Na wa huku kwetu wenye timu, tusikae tukalalamika maskani, tuandike, twende kwenye mkutano mkuu na kifungu chetu mkononi kimeshaandikwa, mistari miwili tu inatosha: mechi ya ufunguzi wa msimu itachezwa kwa zamu Unguja na Pemba, na mapato ya mechi itakayochezwa Pemba yatatumika Pemba kwa shughuli za jamii na yatatangazwa siku hiyo hiyo. Kama kuna mwanasheria miongoni mwa wasomaji aiweke sawa lugha yake, mie nimeandika kwa lugha ya kijiweni.

Msimu ujao uko mbele yetu na ratiba bado haijachapwa, nafasi ipo.

Wabillahi taufiq.

Msomaji wenu,
Wete, Pemba